Madoa ya Upande wa Mama

Siku chache baada ya Idi, masika ya mwaka wa hamsini na sita, Mwanamkasi binti Jumbe alikuwa nyumbani kwa jirani yake Chiku, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, akimwogesha mtoto mchanga. Alikuwa ameketi uani, miguu ameinyoosha, mtoto kamlaza juu ya miundi yake kama wafanyavyo wakunga wote wa pwani. Alipougeuza mkono wa kushoto ili asafishe kwapa, aliona kwamba upande wake wa ndani, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja, ngozi imekuwa rangi ya samli iliyoganda, na juu yake pana vidoa vya kahawia, vingi karibu na kiwiko na vichache kadiri unavyoshuka. Akasugua kwa ncha ya kanga. Havikutoka.

"Chiku, mwanao ana madoa."

Chiku alikuwa akinywa uji wa pilipili manga. "Nayaona," alisema. "Nami yamenitoka tangu juzi. Na mama pia." Akanyoosha mkono wake bila kuweka bakuli chini. Yalikuwa yale yale, rangi ile ile, vidoa vile vile.

"Basi ni ya ukoo," alisema Mwanamkasi, akammwagia mtoto maji ya mwisho, akamfunga nguo kavu.

Mwezi haukuisha kabla Ngamiani nzima haijapata madoa. Mwenye watoto wengi aliwapanga mikono, akaona wote wametoka namna moja, na namna hiyo ni yake yeye, na ya mama yake ikiwa yu hai. Ruthi, mke wa Zebedayo karani wa reli, alitokwa na weupe mtupu usio na doa, na wanawe hali kadhalika, akalalamika kidogo kwamba wenzake wamependelewa. Madoa yalikwenda kwa upande wa mama. Mtoto hakuchukua kitu kwa baba, na wanaume kadhaa wa mji, hasa wenye marafiki wa kike Chumbageni, walimshukuru Mungu kimoyomoyo. Dresa wa zahanati aliwapaka watu ile dawa ya zambarau. Ilipofifia madoa yalikuwa palepale, naye akaacha kuipoteza dawa. Msikitini waumini waliambiwa kwamba madoa si najisi na hayabatilishi udhu, kisha wakaendelea kushauriana juu ya paa lililokuwa likivuja. Mtoto akipotea sokoni, watu walimkunjua mkono wakampeleka kwao.

Mwanamkasi mwenyewe alitokwa na buluu nyepesi, na karibu na kiwiko pete ya madoa ya rangi ya kutu. Mdogo wake Mastura alitokwa na hiyo hiyo, siku moja naye, walipokuwa wakipepeta mchele pamoja. Mastura aliuweka mkono wake kando ya mkono wa dada yake, akacheka. "Hata tungetupwa jalalani, dada, tungeokotwa pamoja."

Mwanamkasi hakucheka. Alikuwa akimtazama Uweso, mtoto pekee wa Mastura, aliyekuwa mlangoni akizungusha ringi kuukuu ya baiskeli kwa kijiti. Mikono ya Uweso ilikuwa bado mitupu.

Uweso alizaliwa Ijumaa moja, miaka sita nyuma, wanaume wakiwa msikitini. Mimba za Mastura zilikuwa zimeharibika mara kwa mara, na mama wa mumewe alikuwa ameanza kumtajia mwanawe majina ya wasichana wa Pangani. Siku hiyo nyumba ya Mwanamkasi ilikuwa na wazazi wawili. Chumba cha kulia alikuwamo Mastura. Chumba cha kushoto, ng'ambo ya ukumbi, alikuwamo Wanu, mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akisuka mikeka kule Pongwe. Mumewe, Khatib, alivuka kwenda kuchuma karafuu kwao, wala habari zake hazikurudi.

Mtoto wa Mastura alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingo. Alikuwa mwanamume. Mastura alizimia kabla hajamwona. Mwanamkasi alimfunga kitambaa cheupe, akatoka naye ukumbini, akawa amesimama tu, hajui aende wapi. Ndipo Wanu alipoita. Wanu alizaa msichana, na alipokwisha kudhani amemaliza, akazaa mvulana, huyo akilia hata miguu haijatoka. Mwanamkasi alimweka msichana kifuani kwa mama yake, akamchukua mvulana kwenda kumwosha. Aliporudi alikuwa amebeba yule wa kitambaa cheupe.

"Mmoja Mungu kamtaka," alimwambia Wanu.

"Nilimsikia akilia."

"Uliyemsikia ni huyu wa kike."

Wanu aliomba ampakate, akapewa, akampakata mpaka wanaume waliporudi kutoka msikitini. Aliyembeba kwenda makaburini alasiri ile ni Idarusi, mume wa Mastura. Mgeni hakuwa na mwanamume wa kumzikia, na Idarusi, aliyekuwa amejaliwa mtoto wa kiume siku hiyo hiyo, aliona haya kukaa nyumbani na furaha yake. Alishuka mwenyewe kaburini. Alirudi macho yamemwiva, akasema maskini yule mama.

Mwanamkasi alijiambia: huyu anao wawili, ndugu yangu hana hata mmoja, Mungu ndiye mgawaji, miye mkono tu. Maneno hayo yalimtosha mwaka wa kwanza. Baadaye hayakumtosha hata kwa usiku mmoja. Wanu alikuwa akija kila mwaka kulizuru kaburi, na kila ajapo humletea mkunga wake mkeka mpya, shukrani kwa kumtunza siku ile. Ilikuwa mikeka mizuri, ya ukili mwembamba uliotiwa rangi. Mwanamkasi aliikunja yote akaisimamisha pembeni mwa chumba. Hakuweza kulala juu ya hata mmoja.

Basi madoa ya Uweso yalitoka wiki mbili baada ya ya wenzake. Ngozi ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu yake michoro myeusi iliyopindapinda, mithili ya mtu aliyejaribu kalamu mpya. Hapakuwa na buluu. Hapakuwa na pete ya kutu.

"Dada," alisema Mastura, "mbona ya huyu hayafanani na yetu?"

"Yanaiva," alisema Mwanamkasi. "Ya mtoto huanza hivyo, kisha yakageuka."

"Ya mtoto wa Chiku yalitoka yakiwa tayari."

"Kila ukoo na wakati wake."

Mastura aliridhika. Hakuwa na desturi ya kumtilia shaka dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Idarusi alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli chini ya mti mkubwa wa mkungu, na mkungu ule ulikuwa umejaa viota vya minana, wale ndege wa manjano wanaosuka nyasi. Kelele zao zilikuwa za kutwa. Alikuwa ameishi chini yao muda mrefu hata akawajua kama mtu anavyowajua wapangaji wenzake. Mchana mmoja Mwanamkasi alimpelekea chakula, akamkuta ameshika yai lililoanguka majanini bila kupasuka. Lilikuwa jeupe, limechorwachorwa.

"Tazama, shemeji," alisema. "Kama mkono wa Uweso."

Mwanamkasi aliiweka sahani juu ya sanduku la vyombo.

"Wajua kwa nini mayai ya mnana yana rangi?" aliuliza Idarusi. Alipenda kuzungumza akila. "Rangi ya manjano ya yule dume, ile ni ya kujionyesha tu, apate mke. Lakini mayai yamo ndani ya kiota, gizani, nani atayaona? Ni kwa ajili ya mwizi. Yuko ndege anaitwa kekeo, kijani mgongoni, mweupe tumboni. Yeye hajengi. Hungoja mama mnana atoke, akaingia, akatupa yai moja, akaweka lake. Mnana akirudi anamlelea mwana asiye wake mpaka anamzidi kimo. Basi wakajifunza. Huyu akataga ya buluu, yule ya madoa, mwingine meupe, kila mmoja na alama yake, ili akirudi amjue mgeni. Wasingekuwa na mwizi, wote wangetaga meupe mamoja, nani angehangaika?"

"Na mwizi akafanyaje?"

"Naye akajifunza. Mnana akibadili rangi, kekeo naye hufuata. Si leo na kesho. Babu kwa babu. Ndege wana macho kuliko sisi, shemeji. Mayai unayoyaona wewe ni mamoja, yeye anaona rangi ambazo hatuna hata majina yake." Alimega muhogo. "Na mara nyingine hukosea pamoja na macho yote hayo."

Akala, akanawa, akarudi kwenye gurudumu lake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Najiuliza na sisi tumetokwa na haya madoa kwa ajili ya nani."

Mwanamkasi alichukua sahani akaenda zake. Njiani watu walimwamkia, naye aliwaitikia. Lakini kila mkono ulioinuliwa kumwamkia ulikuwa na madoa, na kila doa aliliona kama limetolewa kwa ajili yake. Mji mzima ulikuwa umejiwekea alama kwa sababu ya mtu mmoja, nao wenyewe hawajui.

Kesho yake alianza kumpaka Uweso rangi. Alichukua buluu ya kufulia nguo akaikoroga na maziwa kidogo, akachukua hina na kutu iliyokwanguliwa kwenye chuma cha Idarusi. Uweso alipenda kukaa kwa mama yake mkubwa asubuhi kabla ya kwenda chuo cha Kurani, naye Mwanamkasi akampakata na kumchora taratibu, akitazama mkono wake mwenyewe kama kielelezo: kwanza buluu, kisha pete.

"Ya nini, mama mkubwa?"

"Dawa ya kuyaivisha."

"Yanawasha."

"Yatakwisha kuwasha."

Mastura alipoona mkono wa mwanawe umekuwa wa buluu alimwita mumewe aje atazame, na wote wawili wakafurahi. Mwanamkasi aliwaangalia wakifurahi. Alikuwa amezoea kuwaza kwamba dhambi yake ni ya siku moja, kitu kilichokwisha kutendeka, ambacho mtu huomba msamaha wake kisha akangoja. Sasa ikawa ya kila siku, ina bakuli lake na kijiti chake. Alisali zaidi, na katika sala aliona vidole vyake vina rangi.

Ila siku moja kabla Mwanamkasi hajaanza kumpaka, Uweso alikuwa kibandani kwa baba yake, mikono wazi, na Wanu alikuwa sokoni na binti yake Mwanaasha wakiuza mikeka. Mwanaasha alitumwa maji, akapita pale, akamwona mvulana. Aliporudi alimwambia mama yake, "Kuna mtoto kwa fundi wa baiskeli ana maandishi yangu." Wanu alimaliza kuuza, akarudi Pongwe. Hakupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Mwishowe aliazima kanga nzuri kwa jirani, akamshika binti yake mkono, akaja Ngamiani.

Aliwakuta wote uani kwa Mwanamkasi, baada ya sala ya adhuhuri. Alimwamkia mkunga, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akakaribishwa kitako, akapewa maji. Alikuwa amekuja na mkeka. Waliulizana hali, na mvua, na bei ya ukili. Kisha Wanu akasema polepole, macho ameyaelekeza kwa Mastura:

"Nina neno, na ni neno la aibu, mnisamehe. Mtoto wangu huyu anasema amemwona mwanenu ana mchoro kama wake. Mtoto ni mtoto. Lakini nami nilizaa wawili, na wa pili nilimsikia akilia. Nimejikataza kuwaza, nimeshindwa. Nikimwona mkono tu nitaondoka."

Mastura hakukasirika. Aliukunjua mkono wake mwenyewe, akamwita mwanawe. "Uweso, njoo umwonyeshe mama mkono."

Uweso alikuja akauonyesha. Ulikuwa wa buluu, na pete ya kutu. Wanu aliutazama, akautazama wa Mastura, mabega yake yakashuka. Mwanaasha alijongea karibu. Mkono wake ulikuwa mweupe kama chokaa, umechorwa michoro myeusi. Aliinama akanusa mkono wa Uweso, kisha akauangalia kwa jicho moja, akageuza kichwa akauangalia kwa jicho la pili.

"Hii ni buluu ya kufulia," alisema.

"Mwanaasha."

"Imepakwa, mama."

Idarusi alimtazama shemeji yake. Mwanamkasi alijua kwamba angeweza kusema ni dawa, na wangemwamini, kwa sababu yeye ndiye mkunga na nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Lakini alikuwa amechoka. Alitazama uso wa Wanu, akauona vile ulivyokuwa siku ile amempakata mtoto asiye wake na kumtengeneza kitambaa usoni ili asipigwe na nzi.

"Kweli imepakwa," alisema. "Mimi ndiye niliyeipaka. Mastura, niletee maji na sabuni. Nina jambo la kuwaambia, lakini kwanza mwone."

Mastura alileta. Mwanamkasi alimweka Uweso kwenye miundi yake, mkubwa namna ile, akaanza kumsugua. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa tangu Ijumaa ile. Alikuwa amekwisha kupanga maneno. Maji yalikuwa ya buluu kwenye beseni. Akamwaga, akatia mengine, akasugua tena, na hayo nayo yakawa ya buluu, kisha yakawa hafifu, kisha yakawa maji matupu.

Buluu ilikuwa imetoka, na chini ya buluu palikuwa na buluu. Karibu na kiwiko palikuwa na pete ya madoa ya kutu, imara, ndani ya ngozi yenyewe. Mwanamkasi alisugua kwa dodoki mpaka mtoto akasema anaumia. Michoro myeusi haikuwapo. Ngozi ilikuwa imejifunza.

"Sasa ulikuwa ukipaka nini, shemeji?" aliuliza Idarusi.

Maneno aliyoyapanga yalikuwa bado mdomoni, na hakuna kilichomzuia kuyasema. Wanu alikuwa mbele yake akingoja. Na Mwanamkasi alihisi kitu kikimshukia kifuani, akakitambua: alikuwa amefurahi. Alijichukia kwa kufurahi, akafurahi vilevile.

"Yalichelewa kukolea," alisema. "Nikawa namkolezea."

"Ndilo jambo ulilotaka kutuambia?" aliuliza Mastura.

"Ndilo. Niliona haya."

Mastura alimkumbatia dada yake. "Umenitisha bure."

Wanu aliushika mkono wa Uweso, akapitisha kidole juu ya pete ile. "Mashallah," alisema. "Ya mama yake." Kisha akamwinulia macho Mwanamkasi, akamwangalia kwa mara ya mwisho kama mtu anayetoa nafasi.

"Ndiyo," alisema Mwanamkasi. "Ya mama yake."

"Mimi bado ninayaona," alisema Mwanaasha. "Maandishi. Yako chini ya buluu, yanawaka."

"Wacha utoto," alisema Wanu, akamvuta karibu.

Hakuna aliyelizungumza tena. Wanu aliomba radhi kwa kila mmoja, Idarusi akasema hapana neno, mwenye uchungu haulizwi. Walikula wote pamoja wali na papa wa nazi. Watoto wawili walikula sahani moja, na Mwanaasha alikula huku mkono wa kushoto ameuweka juu ya goti la Uweso, wala Uweso hakuuondoa.

Wanu alipoaga kwamba anapitia makaburini kabla ya kurudi Pongwe, Mastura aliinuka akachukua buibui lake. Alikuwa hajawahi kufika huko. Alisema si vizuri mgeni aliyekwisha kuaibika kwao aende peke yake, na tena siku yake ya huzuni ilikuwa siku yao ya furaha, wangeona aibu kwa Mungu. Idarusi alisema atawaongoza, mahali anapajua, ndiye aliyemweka. Uweso alibebeshwa kibuyu cha maji. Mwanamkasi akawafuata nyuma.

Kaburi lilikuwa fupi, limezungushiwa vijiwe vya matumbawe, na masika yalikuwa yameotesha majani mengi. Wanu alianza kuyang'oa. Mastura alipiga magoti upande wa pili akang'oa naye, akatikisa udongo kwenye mizizi, akavipanga vijiwe vilivyolala. Alikuwa mtu wa usafi, hakubakiza hata jani. Uweso alimwagia maji kutoka kichwani hadi miguuni, kama alivyoelekezwa na baba yake.

"Ulimpa jina?" aliuliza Mastura.

"Khatib. La baba yake."

Mastura aliweka kiganja juu ya udongo uliolowa, mkono wake wa buluu wazi, nguo ameikunja isichafuke. "Khatib," alisema, kwa sauti ya kumzungumzia mtoto aliyelala, "tumechelewa kuja kukutazama. Utusamehe, mwanangu."

Alisema mwanangu kama mwanamke yeyote amwitavyo mtoto wa mwenzake. Wanu alimshukuru. Idarusi aliinua mikono akaanza dua, wengine wakainua yao, na Mwanamkasi, aliyesimama nyuma ya wote, akaitikia amina pale palipostahili.